Muulize Bwana Miti: Mradi umefungwa, miche bado iko kitaluni

Kamwene wasomaji, na nyie wa kule Rungwe ugonile. Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja, hela ya ruzuku imekatwa, mradi umefungwa, mtu kabaki na viriba (vile vifuko vya kuoteshea miche), vibarua na deni. Nimechagua chache, majina nimeyaficha, na ya kwanza nimeipunguza maana mwenyewe alijaza kurasa sita za daftari na mbili kati ya hizo alikuwa anamsema shemeji yake.

Shikamoo Bwana Miti. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Mufindi, nina kikampuni changu cha kuotesha na kupanda miti, tulianza 2019 na mashine moja ya kunyunyizia na chenso ya kuazima. Mwaka huu tukapata kazi kwenye mradi wa wafadhili, kuotesha paini 160,000 na kuzipanda kwenye mashamba ya vikundi vya vijiji vinne. Mkataba unasema asilimia 20 nikisaini, 30 miche ikiwa tayari, 50 baada ya kuhesabu iliyoshika. Ile 20 nililipwa, nikajaza viriba, nikakopa benki, haikutosha nikaongezea kwa hawa wakopeshaji wa mtaani, kausha damu. Sasa miche imefika sentimita 25, mvua imeanza, tukaitwa kikao Iringa mjini, tukapewa soda na karanga, tukaambiwa serikali ya mfadhili imepunguza bajeti kwa hiyo mradi umefungwa asanteni kwa ushirikiano. Nikauliza na miche je? Kijana mmoja akasema mama hilo tutalifikisha juu. Vibarua 22 wananidai wiki tano. Naomba ushauri na usiniambie nimwachie Mungu maana nishamwachia.

Marahaba mama. Barua yako ilinikuta mvua imeshashika, nikaona kukujibu hapa peke yake ni sawa na kukuzika, ndo maana nilikupigia ile jioni. Narudia kwa ajili ya wengine maana najua mko wengi.

Jambo la kwanza ni miche, sio barua. Deni linaweza kungoja, paini haingoji. Ukiiacha kwenye kiriba hadi msimu mwingine mizizi inajizungusha mle ndani kama mkia wa nguruwe, ukija kuupanda mti unasimama mwaka wa kwanza, wa pili, siku upepo wa Julai ukivuma unalala chini mzima mzima. Kata mizizi inayotoka chini ya kiriba sasa hivi, punguza maji kidogo usipunguze sana, na hesabu kwamba una mpaka mwisho wa Februari kupanda, ukivuka hapo mche unakutana na kiangazi ukiwa bado mchanga.

Ila kabla hujautoa hata mmoja, mwite afisa misitu wa wilaya na mtendaji wa kijiji, hesabuni tuta kwa tuta, pigeni picha, andikeni karatasi wote wasaini na muhuri upigwe. Hiyo karatasi ndo itakuwa mdomo wako mbele ya safari. Halafu siku hiyohiyo waandikie waliosaini mkataba na wewe, waambie miche ipo, iko tayari, waje waichukue na walipe ile asilimia 30 ndani ya siku kadhaa (mi nilisema saba), wasipokuja utaiuza ili kupunguza hasara na utakachopata utakitoa kwenye deni lao. Hii sio ujanja, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73 kinampa fidia aliyevunjiwa mkataba lakini pia kinaangalia kama alijitahidi kupunguza hasara au alikaa tu anaangalia miche inakauka.

Sasa uiuze wapi. Miche 160,000 kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni hekta kama 144, yaani ekari 355 hivi, sio kidogo lakini Mufindi na Njombe sio jambo la kutisha. Anza na vikundi vilevile vilivyokuwa vipewe bure, mashamba yao yameshasafishwa na mashimo wengine wameshachimba, wape kwa bei ya gharama yako, anayeshindwa alipe nusu sasa nusu baada ya mahindi. Watanung'unika kwamba waliahidiwa bure, ni kweli waliahidiwa, ila sio na wewe. Nenda na halmashauri, kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka na wengi ikifika Februari wanahangaika namba haijatimia, tatizo lao ni kulipa polepole kwa hiyo usiwape yote. Itakayobaki tafuta mwenye ardhi ambaye hana mtaji, pandeni nusu kwa nusu, muandikishane serikali ya kijiji na mipaka ichorwe. Najua hiyo haikulipi leo, watu wanavuna paini ya miaka minane mpaka kumi siku hizi, ila ni bora kuliko kuimwaga.

Na nisisikie mtu ananiambia ageuze kitalu kiwe cha parachichi. Mama, wakati wa parachichi utafika, lakini kubebesha miche ni fundi mwingine na wakaguzi wengine, usiruke toka moto mmoja kwenda mwingine wiki hiihii.

Turudi kwenye deni. Watu wakisikia "mfadhili kakata" wanakaa kama msiba umetokea na hakuna wa kumdai. Hapana. Wewe hukusaini na serikali ya nje, ulisaini na shirika lenye ofisi na muhuri hapahapa nchini, na wao kukosa hela sio kosa lako. Soma mkataba wako tafuta kile kifungu cha kuvunja mkataba bila kosa la mtu, mara nyingi wameandika wenyewe kwamba watatoa notisi na watalipa kazi iliyokwisha kufanyika mpaka siku ya notisi. Je, walikupa notisi ya maandishi au soda na karanga? Kama ni soda, mkataba bado upo hai, peleka ankara ya ile 30. Ile 50 ya mwisho ni ngumu maana hujapanda na hakuna kilichoshika, usiijaze kwenye madai ukaonekana mlafi, dai miche, dai gharama za kuitunza tangu walipokuambia, basi. Na usiogope muda, madai ya mkataba kisheria yana miaka 6, japo nakushauri usikae hata miezi sita kwa sababu ofisi za miradi zikishafungwa meza zinauzwa na mhasibu anahamia Dodoma.

Hata huko Marekani kwenyewe ilikuwa hivyohivyo. Tarehe 20 Januari 2025 rais wao alisimamisha misaada ya nje, Machi 10 ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likamezwa na wizara yao ya mambo ya nje. Lakini katikati hapo waliofanya kazi wakaenda mahakamani, na tarehe 5 Machi Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikagoma kuzuia amri ya kulipa karibu dola bilioni 2 za kazi iliyokwisha kufanyika. Angalia hilo neno, iliyokwisha kufanyika. Kazi ya kesho wakiifuta imefutika, kazi ya jana ni deni.

Vibarua walipwe kwanza, kabla ya benki na kabla ya kausha damu. Najua kausha damu ndo wanaokuja na pikipiki kukaa mlangoni ila vibarua ndo watakaokuwa tayari kupanda miche yako mwezi huu, ukiwapoteza hata mteja akipatikana huna mikono. Kwa benki nenda kabla hujachelewa rejesho, uwapelekee ile karatasi ya hesabu, omba wapange upya. Kwa wale wengine omba wakuonyeshe leseni ya Benki Kuu na mkataba wenye riba iliyoandikwa, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni, wengi ukiuliza hilo sauti inashuka.

Sasa lawama yangu kidogo, maana mama ukija kunisalimia utanipa chai lakini lazima niseme. Mkataba wako ulikuwa mbaya toka siku ya kwanza. Asilimia 20 kwa 80! Kujaza viriba, kuchota udongo wa msitu wa paini ili mche upate wale kuvu wa mizizi, kupalilia tuta, kumwagilia Agosti na Septemba, hiyo yote imefanyika kwa hela yako na ya kausha damu. Yaani mfadhili kutoka nchi tajiri alikuwa anakopeshwa na wewe wa Mufindi bila riba na bila wewe kujua. Hilo ndo watu wetu hawalioni, mkandarasi wa misitu ndiye benki ya mradi, na benki yoyote inayokopesha mteja mmoja tu siku mteja akianguka inaanguka nayo. Safari ijayo malipo yafuate kazi ya kitalu, viriba vikijaa kiasi fulani, mbegu ikiota kiasi fulani, mche ukifika urefu kiasi fulani, na kuwe na mstari mmoja unaosema mradi ukifungwa kwa sababu yoyote miche iliyo hai italipwa kwa hesabu. Na usijaze zaidi ya nusu ya kitalu kwa mlipaji mmoja hata kama ni serikali, hata kama ni mjomba wako.

Wala msidhani haya ni ya Waafrika. Scotland wana ruzuku ya serikali ya kupanda misitu, bajeti ya 2024/25 ikakatwa asilimia 41, kutoka pauni milioni 77 hadi 45 hivi. Msimu wa 2023/24 walikuwa wamepanda hekta 15,000, uliofuata wakashuka hadi 8,000 na kitu. Mwenye kitalu kule naye anaotesha mwaka mmoja au miwili kabla bajeti haijasomwa, kwa hiyo kilio chake na chako ni ndugu, tofauti ni kwamba yeye hajui kausha damu.

Habari Bwana Miti, mi ni kijana niko Kilolo, kazi yangu kupogoa na kufyeka, nalipwa kwa ngwe. Nimefanya kwa mkandarasi mmoja miezi minne, miezi miwili ya mwisho hajanilipa, nikimuuliza anasema wazungu wamefunga hela tusubiri. Tuko saba. Hatuna mkataba wa karatasi. Tumsubiri mpaka lini maana yeye gari lake bado anatembelea.

Poa kijana. Sijui kama wewe na yule mama wa juu mnafahamiana, natumaini hapana, ila msome jibu lake uone upande wa pili ulivyo.

Kwako ni rahisi, wazungu sio waajiri wako. Aliyekuita kazini, akakupimia ngwe na akakupa panga ndiye unayemdai jasho lako, na kukosa karatasi hakufuti kazi, madaftari ya mnyapara yanahesabika, meseji za "kesho mje wote saba" zinahesabika, muamala wa simu wa malipo ya miezi ile miwili ya mwanzo ndo unahesabika kuliko vyote. Zikusanyeni.

Kaeni naye kwanza, mpeni tarehe. Akikubali kulipa kidogo kidogo aandike na asaini, msikubali ya mdomo. Akizunguka nendeni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Iringa wapo, mnajaza fomu namba moja mnaingia kwenye usuluhishi, hakuna haja ya wakili kuanzia. Hapa muwe makini na siku: madai ya mshahara yana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na kama amewafukuza mnapinga kufukuzwa ni siku 30. Mkisubiri wazungu wafungue hela mtakuta muda umepita mnaanza kuomba kuongezewa.

Kuhusu gari, mi sijui. Inawezekana ni la kukodi, inawezekana ndo limewekwa dhamana. Usianzie hapo.

Jambo lingine ambalo hujauliza lakini nalitupa, mmoja wenu akikatwa na chenso au akaangukiwa na tawi, mwajiri anatakiwa awe anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ya mishahara. Wakati hela ikikatwa hicho ndo kitu cha kwanza mkandarasi anaacha kulipa kimyakimya, pamoja na helmeti na buti. Ulizeni.

Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha vijana kumi tuko jirani na Mlima Rungwe, tumekuwa tukisafisha mipaka ya msitu na njia za kuzuia moto na kuotesha miti ya asili, tulikuwa tunalipwa kupitia ruzuku ya shirika moja la uhifadhi, imeisha na wamesema haitaongezwa. Kuna mtu anatuambia tuingie NeST tuombe tenda, mwingine anasema tuombe Mfuko wa Misitu. Tuanze wapi? Na je moto utaendelea kuzuiwa na nani?

Marahaba vijana, ugonile. Swali lenu la mwisho ndo limenikalia kichwani kuliko la kwanza. Nimekaa misitu ya nyanda hizi miaka mingi na nimeona bajeti ikikatwa kinachoondoka kwanza ni njia ya moto, kila mahali, kwa sababu njia ya moto haipigwi picha nzuri. Mgeni akija anapelekwa kwenye mche, anashika jembe, anapigwa picha, anaondoka. Nani ampeleke mgeni akaone uchochoro uliofyekwa? Lakini mwaka wa kutofyeka Mei na Juni, ikifika Septemba mtu mmoja anachoma shamba lake au mrina asali anaacha kienge, upepo unafanya yaliyobaki, na miti ya miaka kumi inaondoka mchana mmoja. Kwa hiyo jibu la nani atazuia ni kwamba msipofyeka nyie pengine hakuna, na ndo maana nataka mlipwe.

Rungwe nayo sio msitu wa mchezo, mle ndo watafiti walimkuta kipunji 2003, dunia ikatangaziwa 2005 kwamba kima mpya kagunduliwa, wakati wazee wa hapo walishakuwa na jina lake siku nyingi.

Haya, NeST. Ndo mfumo wa manunuzi wa serikali ulioichukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, kazi zote za umma zinapitia humo pamoja na za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na za halmashauri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi iende kwa makundi maalumu, vijana wamo, wanawake wamo, wazee na wenye ulemavu wamo. Msiingie kama kampuni, ingieni kama kikundi, afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndo mlango wenu, mnahitaji katiba, cheti cha usajili, akaunti ya benki na namba ya mlipakodi. Shida mtakayokutana nayo sio kushinda, ni kungoja kulipwa huku mmeshafyeka. Ombeni kazi ndogo mnayoweza kuibeba miezi mitatu bila kulipwa, ikizidi hapo acheni hata kama inatamanisha. Na mkilipwa msishtuke kukuta imepungua, huduma inakatwa kodi ya zuio asilimia 5, omba cheti chake.

Mtaji wa kuanzia ule wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, ulisimamishwa Aprili 2023 ukarudishwa 2024 na hauna riba. Ni mkopo lakini, sio zawadi, naona vikundi vingi vinanunua pikipiki.

Mfuko wa Misitu Tanzania, TaFF, upo kwa Sheria ya Misitu ya 2002 na unatoa ruzuku kwa watu kama nyie hasa, vitalu, nyuki, uhifadhi wa vyanzo. Uzuri wake hela yake kwa sehemu inatoka kwenye ada na mrabaha wa mazao ya misitu humuhumu ndani, haitegemei uchaguzi wa nchi ya mtu. Ubaya wake andiko. Andikeni wenyewe kwa Kiswahili chenu, semeni kilomita ngapi mtafyeka, mwezi gani, watu wangapi, msimlipe yule jamaa wa mjini anayeandika maandiko yote kwa maneno yaleyale, wanaosoma wanamjua.

Mimi ni mkandarasi wa barabara ndogondogo Iringa, nina greda moja la kizee. Nasikia ule mradi wa REGROW ulifutwa. Ilikuwaje, na kuna maana tena ya kungoja kazi za hifadhini?

REGROW ulikuwa wa Benki ya Dunia, dola milioni 150, uliidhinishwa 2017 kukuza utalii wa kusini, Ruaha, Mikumi, Udzungwa na Nyerere, barabara za ndani, viwanja vya ndege vidogo, majengo. Wananchi wa pembezoni mwa Ruaha wakapeleka malalamiko kwenye jopo la ukaguzi la benki hiyo kuhusu kuondolewa na kutendewa vibaya, serikali ikayakanusha, Aprili 2024 benki ikasimamisha kutoa fedha na Novemba 2024 mradi ukafutwa. Ule ulikuwa mkopo, sio ruzuku, nalisema maana watu wanachanganya, mkopo ukifutwa ile iliyokwisha kutumika tunailipa bado.

Kwako wewe somo la pale ni kwamba hela ya hifadhi inaweza kukatika kwa jambo ambalo mwenye greda hahusiki nalo kabisa. Unakagua udongo, unakagua kokoto, hukagui wananchi wa kijiji cha jirani wana ugomvi gani na hifadhi. Kagua. Kaa na watu wa Idodi au Pawaga, pale jirani na Ruaha, kikombe kimoja tu cha ulanzi utajua mambo ambayo hayako kwenye kabrasha la tenda.

Kungoja usingoje. Barabara za mbao Mufindi na Kilolo kila masika zinakufa, wenye mashamba makubwa na viwanda vya chai wanalipa wenyewe maana fuso likizama ni hasara yao leoleo. Hawatoi bei nzuri, ila hawahitaji bunge la mtu kupitisha bajeti. Zile za hifadhini ziwe za kuongezea. Na greda la kizee usiliweke dhamana tafadhali.

Bwana Miti, je biashara ya kaboni haiwezi kuziba hizi ruzuku? Njombe.

Kwa msitu mkubwa wa kijiji uliosimama, pengine, kanuni zipo tangu 2022 na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ulizeni huko kabla hamjasaini na mtu yeyote aliyekuja na V8. Kwa mkandarasi wa kitalu anayetaka kulipa vibarua Jumamosi, hapana. Kaboni inapimwa kwa miaka, tumbo la kibarua haliwezi kungoja hivyo.

Salaam Bwana Miti mwenzangu wa zamani, mimi ni mzee niko Makete. Kijana wangu kachaguliwa chuo cha misitu Olmotonyi, Arusha, mama yake anasema asiende, miradi yote inafungwa, ajira hakuna, bora asome famasi. Unasemaje?

Salaam mzee mwenzangu. Mama hajakosea kuogopa, vijana wengi waliosoma misitu miaka ya karibuni waliajiriwa na miradi. Ule wa Panda Miti Kibiashara wa Ufini na Tanzania ulioanza 2014 peke yake ulizoesha nyanda hizi zote kuona gari jeupe lenye nembo mlangoni. Mwingereza naye ameshasema misaada yake inashuka hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Magari meupe yatapungua.

Ila miti iko palepale. Nani ameondoa hata ekari moja ya paini Makete kwa sababu mfadhili kaondoka? Inahitaji kupunguzwa, inahitaji kupimwa ujazo, mwenye shamba anauza kwa macho anapunjwa nusu kwa sababu hakuna kijana wa kumpimia. Aende, ila likizo asikae nyumbani, aende pale Mafinga kwenye kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao ajifunze chenso na mashine za kupasulia, cheti cha opereta kinalisha haraka kuliko diploma. Afanye vyote viwili.

Mama mwambie asihangaike na koti jipya, baridi ya Olmotonyi sio kitu kwa mtoto wa Makete.